Safari iliondoka Mlima Kenya, kamba ya watazamaji ikabaki swali

Safari Rally ilipotimiza miaka 70 mwaka 2023, shangwe zilikuwa Naivasha. Meru na Embu, ambako zamani magari ya Safari yaliteremka mabonde ya Mlima Kenya yakipambana na utelezi wa masika, zilitazama kwa mbali. Hilo linaniuma. Linaloniuma zaidi ni kwamba vijana wa Maua, Chuka na Runyenjes wanaopenda mwendo hawana uwanja wa kudumu. Wakiazima shamba kwa siku moja, swali la nani atawajibika huulizwa baada ya mtu kugongwa.

Safari yenyewe ilizaliwa kwa kuukimbia uwanja. Eric Cecil alikuwa mpenzi wa mbio za Langa Langa, karibu na Gilgil. Alipomwalika jamaa yake Neil Vincent, huyo alikataa kuzunguka njia ile ile; alitaka safari ya kukata nusu ya Afrika na kurudi. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, wakaingia barabarani. Uwanja una mwenyewe, lango na uzio. Barabara ilikuwa na ng'ombe, matatu na watoto wa shule, na haikufungwa. Baadaye timu tajiri zilirusha helikopta mbele kuwaonya madereva wao. Mwanakijiji hakuwa na helikopta.

Yaliyofuata yanajulikana: ushindi wa Joginder Singh 1965, kuingia mashindano ya dunia 1973, kutolewa humo baada ya 2002, kurejea 2021.

Sheria ya nani awajibike kwa mtazamaji ilikuwa ikikua kwingine. Mwaka 1930 gari liliacha njia katika uwanja wa Brooklands, Uingereza, likaua watazamaji wawili. Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba mwenye uwanja hawajibiki kwa hatari ambayo mtu makini asingeitarajia.

Kesi inayonikaa moyoni, pia ya Uingereza, ni White dhidi ya Blackmore. Baba mmoja alijiandikisha katika mbio za magari makuukuu za kuchangia hisani. Kati ya mbio, akasimama na familia yake kwenye kamba ya watazamaji. Mahali mbali na aliposimama, gurudumu la gari likanasa kamba, vigingi vikang'oka, naye akarushwa hewani. Akafa. Mjane akashtaki, lakini waandalizi walikuwa wameweka mabango ya kukana lawama yoyote. Mwaka 1972 majaji wawili wakasema mabango yanatosha. Jaji wa tatu, Lord Denning, akapinga, lakini mjane akatoka mikono mitupu. Kwangu mimi Denning ndiye aliyeona haki. Anayekwenda kutazama mbio hukubali kwamba gari laweza kuteleza. Hakubali kigingi kilichofungwa ovyo, ambacho hana njia ya kukikagua.

Uingereza iliufunga mlango huo 1977: mfanyabiashara hawezi tena kukana kwa bango kifo kilichotokana na uzembe wake. Sheria yetu ya wajibu wa mwenye mahali, Sura ya 34, ilifuata mfano wa Uingereza wa 1957. Inamtaka mwenye mahali amlinde mgeni kwa uangalifu wa kadiri, na atarajie kwamba watoto hawana hadhari ya watu wazima. Lakini inamruhusu pia kupunguza wajibu huo kwa makubaliano. Hapo ndipo hujificha fomu ya kukana lawama ambayo mtazamaji husainishwa langoni.

Bima nayo isitegemewe. Sura ya 405 hulazimisha bima kwa gari lililo barabarani, na dai la mtu mmoja hukomea shilingi milioni 3. Shamba la kuazima si barabara, na bima za kawaida za magari binafsi huondoa mashindano waziwazi. Atakayeandamwa ni mwandalizi asiye na kitu, au mkulima aliyekodisha malisho yake kwa Jumapili moja. Serikali za kaunti za Meru na Embu zidai bima ya tukio, daktari, ambulensi na ukaguzi wa kila kigingi kabla ya injini ya kwanza kuwashwa.