Sharti la Marehemu: Ufadhili wa Kumbukumbu na Ushirikiano wa Vyuo katika Kuwalea Wapima Ardhi

Mwaka 1999 wapimaji wa chuo cha ardhi cha Dar es Salaam, kilichokuwa wakati huo chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipanda Mlima Kilimanjaro wakiwa na vipokezi vya GPS pamoja na wenzao wa chuo cha Karlsruhe, Ujerumani. Hesabu yao ilitoa kimo cha mita 5,892.55. Kimo kilichozoeleka cha mita 5,895 kilitokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952. Tofauti hiyo ndogo haimshughulishi mtalii, lakini kwa mwanafunzi wa upimaji ni somo zima. Setilaiti humpa kimo juu ya umbo la kihisabati la dunia. Akitaka kimo juu ya usawa wa bahari, hana budi kujua mvutano wa dunia ulivyo mahali pale, na hilo hudai vipimo vingi vya ardhini. Somo la namna hiyo halifundishiki ubaoni. Linataka vyombo, safari, fedha na walimu wa vyuo viwili wanaoaminiana.

Ushirikiano wa aina hii ndio uliowalea wapima ardhi wetu kwa sehemu kubwa. Taasisi ya ITC, iliyoanzishwa Delft mwaka 1950 na Willem Schermerhorn, mpimaji aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Uholanzi, na ambayo baadaye ilihamia Enschede, imepokea wataalamu wengi wa Afrika Mashariki. Nairobi kuna kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, kilichoundwa mwaka 1975 chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Chuo kile cha ardhi cha Dar es Salaam, ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, chenyewe kilianza mwaka 1956 kama shule ndogo ya kufundisha mafundi wa upimaji, kikawa Taasisi ya Ardhi mwaka 1972, kikaingia chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, kisha kikasimama peke yake mwaka 2007. Katika safari yote hiyo mkono wa nje haukukosekana. Siulalamikii. Ninachodai ni kwamba ushirikiano pekee hautoshi, kwa kuwa una tarehe ya mwisho, na kwamba kinachoweza kuushikilia ni mifuko ya ufadhili wa kumbukumbu iliyowekwa hapa nyumbani, yenye mtaji usioguswa na masharti yanayotokana na kazi yenyewe ya upimaji.

Tuanze na kile ambacho ushirikiano umefanya vizuri. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani kata kwa kata pamoja na wakazi. Walifuata mifereji hadi inapoishia, wakaandika ni ipi imeziba, wakawauliza wenye nyumba maji ya mafuriko yalifika wapi ukutani. Data zote ziliwekwa kwenye OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuzitumia. Jiji lililoumizwa vibaya na mafuriko ya Desemba 2011 lilipata ramani za mitaa yake iliyojengwa bila mpango, na wanafunzi walipata kile ambacho mafunzo kwa vitendo hayawapi kila mara: kazi ya kweli, yenye mtu anayeisubiri. Kule Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafundishwa kuzirusha na kuzichakata picha hizo. Baadaye Chuo Kikuu cha Turku cha Finland kiliungana na vyuo vinne vya Tanzania katika Resilience Academy, ili data na mbinu hizo ziingie katika mitaala badala ya kubaki mikononi mwa wafadhili. Hatua hii ya mwisho naiona kubwa kuliko zote, ingawa ndiyo inayotajwa kidogo.

Hata hivyo, mradi huishi kwa kalenda ya anayeulipia. Mtandao wa YouthMappers, uliounganisha wanafunzi wachora ramani wa nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, ulizaliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vitatu vya Marekani na shirika la misaada la nchi hiyo, USAID. Mwaka 2025 shirika hilo lilifungwa. Wanafunzi waliokuwa wakilitegemea kwa vifaa, ruzuku na nafasi za mafunzo hawakuwa na sauti katika uamuzi huo. Hata pale ambapo mfadhili haondoki ghafla, uchakavu huja polepole: leseni ya programu huisha, betri ya kipokezi hufa, mhadhiri aliyeandika andiko la mradi huhamia kwingine, na wanafunzi wa miaka inayofuata husimuliwa tu jinsi wenzao walivyokuwa wakirusha ndege.

Ufadhili wa kumbukumbu una asili tofauti. Chukua mfano wa chama cha wataalamu wa upimaji kwa picha na uhisishaji wa mbali cha Marekani, ASPRS, kilichoanzishwa mwaka 1934. Ufadhili wake kadhaa una majina ya wanataaluma waliofariki, na kila jina linakuja na sharti. Ule wa Paul R. Wolf, profesa wa Wisconsin ambaye vitabu vyake vimesomwa na vizazi vya wapimaji, hulenga mwanafunzi anayekusudia kuwa mwalimu wa fani hiyo. Ule wa William A. Fischer huenda kwa anayefanya utafiti wa uhisishaji wa mbali katika shahada za juu. Nje ya chama hicho, ufadhili wa Cady McDonnell huwapa nafasi wanawake wanaosomea upimaji katika majimbo ya magharibi ya nchi hiyo. Fedha si nyingi. Nguvu yake imo katika sharti: marehemu anaendelea kuielekeza taaluma mahali alipoona pengo, na chama hakiwezi kulibadilisha sharti hilo kila kinapopata uongozi mpya.

Msomaji wa pwani hahitaji kwenda Marekani kuuelewa utaratibu huu. Wakfu ndio huo. Mtu alitoa nyumba au shamba, akataja mapato yake yaende kwa nani na kwa kazi gani, na asili ya mali ikawa haiuzwi wala hairithiwi. Misikiti na vyuo vya Kurani vya Unguja na Mombasa vimeendeshwa kwa njia hiyo kwa vizazi, na sheria za Zanzibar na Kenya bado zinaitambua taasisi hiyo kwa vyombo vyake maalumu. Bara nako tuna mfano wa karibu: mwaka 2009 Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mfuko wa ufadhili wa masomo wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kwa wanafunzi wanaofanya vizuri, hasa katika hisabati na sayansi. Fikra ipo, sheria ipo, uzoefu upo. Taaluma ya upimaji ndiyo ambayo haijauchukua utaratibu huu na kuufanya wake.

Sharti la mfuko wetu liwe lipi? Wengi watasema ada. Mimi nasema uwandani kwanza. Ada na posho za kujikimu zina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na ingawa mkopo haumfikii kila mhitaji, mfuko mdogo hauwezi kushindana na serikali katika jambo hilo. Kinachomwangusha mwanafunzi maskini wa upimaji ni mambo mengine: nauli ya kwenda kupima, kompyuta yenye uwezo wa kuchakata picha za anga, na wiki kadhaa za mafunzo kwa vitendo katika ofisi isiyomlipa. Kisha inakuja miaka ya baada ya shahada, ambayo hakuna anayeigharimia. Kenya, kwa mfano, mhitimu hapewi leseni ya upimaji kwa cheti cha chuo tu. Hufanya kazi chini ya mpimaji mwenye leseni na kukabili mitihani ya bodi. Mwenye wazazi wenye uwezo huvuka kipindi hicho. Asiye nao huenda kuuza vocha za simu au kufundisha hisabati shule ya binafsi, na taifa hupoteza mpimaji ambaye lilishamlipia miaka ya chuo. Mfuko unaomlipa mhitimu posho ndogo hadi asajiliwe ungefanya zaidi ya mfuko unaolipa ada ya mwaka wa kwanza.

Sharti la pili liwe mahali pa kupimwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwapa wanakijiji haki ambazo haziwezi kukamilika bila mipaka iliyopimwa, na Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000. Kupima mpaka wa vijiji viwili ni kazi ya GPS na pia ni kazi ya kukaa na wazee chini ya mti hadi wakubaliane mto ulikopita zamani. Mwanafunzi anayefadhiliwa kwa sharti la kumaliza kazi moja ya namna hiyo atakuwa amesomea pande zote mbili za taaluma yake. Hapa ndipo vyuo vya nje vinapopata nafasi yao halali: walete vyombo na walimu, wakute mfuko wa wenyeji wenye sharti lake, na wakiondoka mfuko ubaki.

Kuna pingamizi zito, nalo ni uaminifu. Mfuko wenye jina la mzee fulani unaweza kugeuka fungu la wajukuu zake, au ukaliwa na mfumuko wa bei mpaka ubaki wa kununulia fremu za vyeti. Hatari hizo ni za kweli. Dawa yake si kuacha. Mtaji uwekwe katika hati fungani za serikali au mali inayopangishwa, sehemu ya mapato irudishwe kwenye mtaji kila mwaka, hesabu zichapishwe, na wachaguzi wa wanafunzi watoke nje ya familia na nje ya idara. Mtu akishindwa kukubali masharti hayo, basi anatafuta sifa na wala si kumbukumbu, na chuo kina haki ya kumkatalia.

Kizazi kilichopokea kazi kutoka kwa wapimaji wa kikoloni na kuijenga kwa mikono yake kinapungua kila mwaka. Familia zao, wanafunzi wao ambao leo wana makampuni, na vyama vya wapimaji vya Tanzania na Kenya wasisubiri andiko la mradi kutoka Ulaya. Wakutane na mabaraza ya vyuo vyetu, waandike hati ya mfuko mmoja, wautaje mtaji wake na sharti lake, na mwanafunzi wa kwanza aende uwandani mwaka ujao wa masomo.