Mtihani wa Matabibu wa Baghdad

Fuqahaa wanasema kuwa anayejitia utabibu asioujua, kisha akamdhuru mgonjwa, hubeba dhamana. Msingi wa hukumu hii ni hadithi iliyopokewa na Abu Daud.

Mwaka 319 Hijria (931 Miladia), Khalifa Al-Muqtadir alipata habari kwamba mtu mmoja wa Baghdad amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu yeyote mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit, tabibu wa ukoo wa Masabii wa Harran. Waliotahiniwa walizidi 860, mbali na waliokwisha kujulikana kwa umahiri.

Ibn al-Qifti amesimulia kuwa alifika mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan akamheshimu, akamuuliza masheikh wake. Mzee akatoa dinari alizozifunga katika karatasi, akakiri kwamba hajui vyema kusoma wala kuandika, lakini ana watu wa kuwalisha. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti: asimtibu mgonjwa kwa asichokijua, na asitoe damu wala dawa kali ya kuendesha tumbo ila kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kuwa ndiyo njia yake tangu zamani. Hajapata kuvuka sikanjabini (siki na asali) na sharubati ya marashi.

Wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho. Sisi twaona mzee yule alikuwa na jambo ambalo vyuo vya udaktari vimehangaika kulifundisha. Novemba 1985, Shirika la Afya Duniani liliwakusanya wataalamu Nairobi kujadili matumizi sahihi ya dawa: mgonjwa apewe dawa inayomfaa, kwa kipimo na muda wake, kwa gharama ndogo. Mwaka 1994 shirika hilo likatoa mwongozo kwa wanafunzi wa udaktari. Humo mwanafunzi hujichagulia dawa chache na kuzijua barabara, na hufunzwa kwamba pengine tiba ni nasaha tu, bila dawa.

Lakini uchache wa dawa za mwanafunzi huyu hutokana na elimu. Wa mzee ulitokana na hofu. Kesho yake alikuja kwa Sinan kijana mtanashati. Alipoulizwa amesoma kwa nani, akasema kwa baba yake, naye ndiye mzee wa jana. Sinan akamuuliza kama yuko katika njia ile ile. Akasema ndiyo. Akaambiwa asiivuke, akaenda zake. Baghdad wakati huo ilikuwa na bimaristani, na kijana yule alikuwa bado na umri wa kusoma.