Mtoro, Mgonjwa na Maji Mafu

Pwani ya magharibi ya kisiwa cha Juani, Mafia, kuna mji ulioota nyasi. Kua ulikuwa na misikiti, jumba la watawala na makaburi ya heshima, mpaka Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, walipouvamia mwanzoni mwa karne ya 19. Leo mizizi imeingia ndani ya kuta, na miti imesimama mahali palipokuwa na dari. Kila nikiuwaza mji ule hunijia msemo tunaousema mtu anapoachishwa kazi: kibarua chake kimeota nyasi.

Kibarua kwa asili ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Jina la karatasi likahamia kwa aliyeishika, kisha likaikamata kazi yenyewe. Ndiyo maana hata leo, hata kwa mwenye mkataba na mshahara wa benki, tunasema “nalinda kibarua changu”, kana kwamba kazi ni kipande cha karatasi kinachoweza kupeperuka upepo ukivuma. Kwa kuipoteza kazi tuna maneno tele: kufukuzwa, kuachishwa, kupunguzwa, kusimamishwa, kumwaga unga. Kwa kudumu nayo tuna machache, na karibu yote ni ya ulinzi.

Mchukue kijana wa Juani mwenye miaka 22 aliyepata kazi jikoni, katika hoteli ya upande wa Utende, kwenye kisiwa kikuu cha Mafia. Alfajiri anavuka kwa mashua, jioni anarudi. Miezi minne inapita vizuri. Mwezi wa tano usingizi unamkimbia, chakula hakipiti, na asubuhi moja anaisikia mashua ikiondoka naye yuko kitandani, macho wazi, mwili umekataa. Kesho yake vivyo hivyo. Anaporudi kazini baada ya siku sita, daftari la mahudhurio limeshampa jina: mtoro.

Neno hili lina historia nzito kuliko wanavyodhani wanaoliandika. Watoro walikuwa watumwa waliokimbia mashamba ya mabwana zao, wakajificha porini nyuma ya miji ya pwani na wengine wakajenga vijiji vyao huko. Mafia nayo ilikuwa na minazi iliyohudumiwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, neno likabaki, likahamia shuleni, kisha kazini. Ndani yake limebeba kitenzi kutoroka, na kutoroka ni tendo la mtu aliyekusudia, aliyepanga saa na njia. Ukimwita mtoro kijana aliyeshindwa kuinuka kitandani, umempa mpango ambao hakuwa nao. Kutoroka kunataka nguvu, na nguvu ndiyo iliyomwishia.

Wala jambo hili haliishii kwenye lugha tu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zinazofuatana na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinahesabu kutofika kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Kanuni hizo hizo zina mlango mwingine kabisa, wa anayeshindwa kazi kwa sababu ya afya. Ukipita mlango huo, mwajiri anatakiwa kuchunguza chanzo na muda wa maradhi, azungumze na mfanyakazi, atafute kama ipo kazi nyepesi au njia nyingine kabla ya kumwachisha. Mtu ni yule yule na siku ni zile zile. Kinachoamua ni neno lipi limeandikwa kwenye jalada lake.

Basi kwa nini asiseme anaumwa? Kwa sababu Kiswahili chetu cha Tanzania kinamdai kiungo. Ukisema “naumwa”, swali la pili ni “unaumwa nini?”, na jibu linalotarajiwa ni kichwa, tumbo, mgongo. Akisema moyo, atapimwa presha. Akisema mawazo, ataambiwa aache kuwaza. Kwa hiyo anasema malaria, kwa kuwa malaria haina aibu na hakuna asiyewahi kuugua. Anaombewa ED, ruhusa ya daktari ya kupumzika, ya siku tatu, karatasi nyingine ndogo, na kikaratasi hicho kinamlinda kwa uongo. Mwezi unaofuata inambidi atafute malaria nyingine. Ya tatu hakuna atakayeiamini, na hapo aliyekuwa mgonjwa anakuwa mwongo, juu ya utoro.

Nayaonea uchungu maneno tunayompa achague. Kichaa ni jina la ugonjwa na papo hapo ni jina la mtu: “ana kichaa” na “kichaa yule” hutoka kinywa kimoja bila kusita, na aliyekwisha kuitwa hivyo hatoki tena ndani ya jina. Mwendawazimu amefungwa na wazimu wake kwa neno moja refu lisilo na mwanya. Waliotunga istilahi za kitabibu wakatuletea sonona, neno la ukoo mmoja na kusononeka, nami nalipenda neno hili kwa sababu moja ya kisarufi: halijazaa mtu. Hatuna “msonona”. Mtu anaweza kuwa na sonona, ikampata, ikamwacha, naye akabaki na jina alilopewa na wazazi wake.

Nisilolipenda ni “changamoto ya afya ya akili”. Najua limetungwa kwa huruma. Lakini kazini kila kitu ni changamoto: mafuta kupanda bei ni changamoto, mgeni mkorofi ni changamoto, na changamoto mfanyakazi huambiwa akabiliane nazo. Hakuna bosi anayetoa likizo kwa changamoto. Likizo ya ugonjwa hutolewa kwa ugonjwa. Sheria imeiweka kuwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, daktari akithibitisha. Mfanyakazi anayejiona ana changamoto hatadai hata siku moja katika hizo. Nchi yenyewe ilibadilisha jina mwaka 2008 ilipotunga Sheria ya Afya ya Akili mahali pa sheria ya kikoloni iliyotaja maradhi ya akili. Jina jipya ni zuri zaidi. Ila maradhi tusiyafute kwenye ulimi, maana ndiyo yanayomtofautisha mgonjwa na mvivu.

Kisiwani kuna maneno yaliyofikiri zaidi ya haya. Chukua wasiwasi. Linatoka kwenye Kiarabu, ambako ni mnong'ono, na ukilitamka unausikia. Pwani nzima inamfahamu mtu wa wasiwasi wa udhu: anaosha mkono, anaona haujatakata, anarudia, sala inaanza yeye bado yuko birikani. Fikihi haimfukuzi msikitini. Inamwambia asiiendee shaka yake, udhu wake umetimia, aingie safuni na wenzake. Sharti ni lile lile kwa wote, na bado limelegezwa palipombana huyu mmoja ili aendelee kuwemo. Hicho ndicho wanachodai leo wanaosema waajiri wapange kazi kulingana na hali ya mfanyakazi, na pwani tulikuwa nacho kwenye birika la udhu.

Au sikiliza vitenzi vya pepo. Pepo hupanda, pepo hushuka. Aliyepandwa huitwa kiti, na kiti mgeni akiinuka hubaki kiti. Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, aliandika mengi kuhusu mashetani ya kisiwa kile na watu wanaoishi nayo. Siombi mtu aache hospitali ya Kilindoni afuate ngoma, wala sisemi vijiji havina ukatili kwa wagonjwa wao. Ninachokiona ni sarufi: kupanda na kushuka ni vitenzi vinavyoruhusu kesho.

Neno ambalo ningempa kijana wetu limo baharini. Juani maji hayafanani siku zote. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita 3, miamba inaachwa wazi, wavuvi wa pweza wanatembea juu yake na wanawake wa mwani wanafikia vigingi na kamba zao. Kati ya bamvua na bamvua huja maji mafu. Bahari haiji wala haiendi sawasawa, mwamba unabaki chini ya maji, na kazi ile haifanyiki. Hakuna anayemwita mwenzake mvivu kwa maji mafu, wala anayeng'oa vigingi. Wanashona nyavu, wanakarabati mashua, wanahesabu siku. Yanaitwa mafu, na kila mtoto anajua yatafufuka baada ya wiki moja hivi. Aliyekosa kwenda amekosa fungu la siku ile, na hilo ni pigo kwa nyumba maskini, lakini hajapoteza bahari.

Maradhi mengi ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 25 au karibu na hapo, ndiyo miaka ya kazi ya kwanza. Na sheria yetu ya ajira haimpi ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki aliye chini ya miezi 6 kazini. Kwa hiyo yule wa jikoni, mwezi wa tano, yuko wazi kama mwamba wa bamvua: ugonjwa mpya, kazi mpya, sheria bado haijamfikia. Kwake neno la msimamizi ndiyo sheria yote iliyopo. Msimamizi akijua kusema “ana maji mafu, mpangieni zamu ya mchana wiki hii”, kazi inabaki. Hilo linawezekana hata pasipo daktari wa akili karibu, na mara nyingi hayupo karibu.

Siku atakapovuka tena, amekonda kidogo, mashua ikigusa mchanga wa Utende, kuna salamu inayomngoja, nayo imekuwapo kwenye lugha hii muda wote. Mtu aliyeadimika hatumwulizi alitorokea wapi. Mwenzake wa jikoni atainua kichwa kwenye sufuria na kumwambia, “Ee bwana, umepotea!” Na kijana atajibu kama tunavyojibu sote, neno moja.

“Nipo.”