VITA YA BRAUZA: MICROSOFT ILIVYOFUNGUA MLANGO ILIOUFUNGA YENYEWE

Leo tuwaache mastaa wetu wapumzike, kuna bifu moja la zamani nimeona nisikae nalo peke yangu. Ni bifu la kampuni mbili za Marekani, Netscape na Microsoft, na walichokuwa wanagombea ni hiyo brauza unayosomea hapa. Majina ya wahusika nayaacha, maana tukianza majina tutafika kesho.

Mwaka 1995 brauza ilikuwa kitu cha kusomea tu. Unafungua ukurasa, unaona maandishi na picha, unabonyeza unapelekwa kwingine, basi. Kazi yenyewe, yaani kuandika barua, kupiga mahesabu, kucheza gemu, ilifanywa na programu zilizowekwa kwenye kompyuta, na kompyuta nyingi zilikuwa za Windows. Kwa hiyo mtengeneza programu alikuwa anaitengenezea Windows, na hapo ndipo pesa ya Microsoft ilipokaa.

Netscape wakaja na wazo la kichokozi: programu ziishi ndani ya brauza. Kama brauza inafanya kazi kwenye kompyuta ya aina yoyote, nani atajali chini yake kuna Windows au nini?

Ila ukurasa uliolala hauwezi kuwa programu. Inatakiwa lugha ya skripti, yaani maagizo yanayosafiri pamoja na ukurasa na kufanya kazi humo humo kwenye brauza ya msomaji. Mei mwaka huo kazi hiyo akapewa jamaa mmoja aliyeajiriwa mwezi uliotangulia. Akatoa sampuli ya kwanza kwa siku 10. Siku kumi! Fundi wa mtaani kwetu suruali tu anakuzungusha wiki tatu.

Lugha ikaitwa Mocha, halafu LiveScript, mwisho Desemba ikatangazwa kama JavaScript. Hilo jina ni la kibiashara tu. Java ya kampuni ya Sun ndiyo ilikuwa inatamba, wakaona wadandie. Mtu akikwambia Java na JavaScript ni kitu kimoja, mcheke taratibu. Na ile haraka ina makovu mpaka leo. Iulize JavaScript "null", ambayo maana yake ni hakuna kitu, ni ya aina gani. Inakujibu "object", yaani ni kitu! Kila fundi anajua hilo ni kosa, lakini halirekebishwi, kwa sababu tovuti zimeshajengwa juu yake na ukiligusa zinavunjika.

Microsoft nao hawakulala. Agosti 1995 wakatoa Internet Explorer, na baadaye wakawa wanaigawa bure pamoja na Windows. Kituko kikatokea usiku wa kuamkia Oktoba 1, 1997. Watu wa Microsoft, wametoka kwenye sherehe ya toleo la 4, wakabeba nembo kubwa ya herufi "e" wakaitelekeza kwenye nyasi za ofisi za Netscape kule Mountain View. Wenyeji wakaiangusha, juu yake wakasimamisha dinosaria wao, Mozilla, akiwa na kibao cha mgawanyo wa soko: Netscape 72, Microsoft 18. Vicheko kama vyote. Novemba 1998 ikatangazwa kwamba Netscape inanunuliwa na AOL.

Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft Mei 1998, na hoja kubwa ilikuwa hiyo hiyo, kwamba waliiua brauza ya mwenzao kwa kuogopa isije ikachukua nafasi ya Windows. Kesi ikaenda, lakini uwanjani mechi ilishaisha. Internet Explorer 6 ilitoka 2001, iliyofuata ikaja 2006. Mshindi alilala miaka mitano.

Sasa hapa ndipo patamu. Ndani ya Microsoft yenyewe kulikuwa na timu ya mfumo wa barua pepe za ofisini. Walitaka mtu asome barua zake kwenye brauza bila ukurasa mzima kufutika na kupakia upya kila anapobonyeza. Wakabuni kitu kinachoitwa XMLHttpRequest, kikaingia kwenye Internet Explorer 5 mwaka 1999. Kwa hicho, JavaScript inatuma ombi kimya kimya, inarudi na kipande kinachohitajika tu. Brauza nyingine zikaiga. Kumbe ndicho kilikuwa kinakosekana kwenye ile ndoto ya Netscape!

Aprili 1, 2004 Google wakaitangaza Gmail, na kwa tarehe ile watu wengi wakajua ni utani wa siku ya wajinga. Mwaka uliofuata ikaja Google Maps, unaivuta ramani kwa mausi inateleza, na hukuweka programu yoyote. Firefox ilikuwa imetoka Novemba 2004, mtoto wa kodi ambayo Netscape waliiachia wazi 1998. Yule dinosaria hakufa moja kwa moja.

Mimi barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi niliiandika kafe, kwenye mashine ya watu. Kesho yake nikaikuta kwenye mashine ya kafe nyingine, iko vile vile. Sikuwa na kompyuta, wala flashi.

Internet Explorer ilistaafishwa Juni 15, 2022. JavaScript ipo, na null yake bado inakwambia ni kitu.

Wewe ulianza na brauza gani? Tiririka hapo chini.