Waraka Usio na Mjumbe

Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, zimewekwa barua zilizotoka Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18, zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha yetu yaliyotufikia. Mswahili wa leo azikabiliye barua za namna hiyo, hata awe ameisoma Kurani tangu utotoni na herufi zake azijue zote, hukwama mara kwa mara njiani. Si kwa kuwa mwandishi wake hakuwa hodari, bali kwa kuwa hati aliyoishika haikuundwa kwa ajili ya sauti za kinywa chake.

Irabu za Kiarabu zina alama tatu, fat-ha, kasra na dhumma, ilhali za Kiswahili ni tano. Kwa hiyo aghalabu kasra ilibeba e pamoja na i, na dhumma ikabeba o pamoja na u. P haimo, ikaazima kiti cha b. V ikaazima cha f. Ch mara nyingi ikaandikwa kwa shini. Na m au n itanguliayo konsonanti nyingine pengine haikuandikwa kabisa. Basi kuku na koko vilikuwa kitu kimoja machoni, na neno pembe liliweza kuandikwa kwa sura ileile ya neno bibi. Msomaji hakusoma ili apate kujua maana. Ilimpasa aijue maana kwanza ndipo aweze kusoma.

Hata hivyo watu wa pwani waliandikiana kwa karne nyingi, wakauza na kununua, wakaposa na kuoza, na mambo yao hayakuharibika, kwa sababu palikuwa na ada zilizoziba upungufu wa hati. Katika utenzi, vina na mizani vilimshika msomaji mkono. Katika barua, salamu ndefu zenye taadhima zilitangulia, zikaeleza nani anamwandikia nani na kwa cheo gani. Wawili hao aghalabu walijuana, na shughuli iliyokuwa baina yao waliifahamu. Tena waraka haukwenda peke yake. Ulichukuliwa na nahodha, au jamaa, au mtumishi, naye alipofika barazani aliweza kuulizwa.

Wanazuoni wa pwani hawakuridhika na hali hiyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa mwaka 1930 gazeti lake la Sahifa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, alitengeneza alama za ziada ili kila sauti ya Kiswahili ipate herufi yake. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa mno, na huniuma kuona jinsi inavyotajwa kwa nadra, kana kwamba ni wageni tu waliojishughulisha na usahihi wa maandishi yetu.

Wageni nao, walioandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, walikuja na vurugu zao. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alifuata lafudhi ya Kimvita. Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, alifuata Kiunguja. Na Wajerumani wakaandika kwa kufuata masikio ya Kijerumani. Jina la lugha lenyewe lilikuwa na sura tatu: Suahili katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, Swahili kwa Steere, na Suaheli kwa Wajerumani. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Vitabu vya shule vilipita mbele ya Kamati ili vikaguliwe tahajia, na kamusi yake ikatoka mwaka 1939.

Watu wa Mombasa na Lamu waliona uchungu, nami siwalaumu. Tahajia sanifu haitofautishi paa la nyumba na paa wa mwituni, wala tembo linywewalo na tembo wa mwituni, ingawa kinywa cha Mmvita hutofautisha kwa pumzi. Lakini kwa gharama hiyo lilipatikana jambo ambalo halikuwako: mtoto wa Kigoma aliweza kuisoma barua ya mtu wa Pemba asiyemjua, juu ya shauri asilolijua, akaifahamu.

Jambo hilo ndilo linalotutoka mikononi sasa. Ujumbe wa simu ulipoanza, nafasi yake ilikuwa herufi 160, na kila ujumbe ulilipiwa. Kufupisha kulikuwa na udhuru. Siku hizi mara nyingi nafasi haipimwi hivyo tena, bali mazoea yamebaki, na x, ambayo haimo katika alfabeti yetu, imeketi mahali pa s katika xaxa, na c, ambayo haisimami bila h, imegeuka kuwa si katika cjui. Haya hufahamika kati ya vijana wanaojuana, kama vile barua za kale zilivyofahamika kati ya waliojuana. Yanayonitia hofu zaidi ni yale yanayofanana na maneno kamili: dhana na zana, kura na kula, thamani na zamani, ambayo huandikwa moja mahali pa jingine na mtu aliyemaliza masomo yake, yakasomwa na maelfu wasiomjua.

Mfikirie mzee wa Tanga anayengoja habari za posa ya binti yake, akapokea katika simu maneno mawili tu, “Mahali tumekubaliana.” Hajui kama ni mahari iliyokubaliwa au ni mahali pa kufanyia harusi. Hapana salamu zilizotangulia za kumwongoza, wala hapana mjumbe aliyesimama mlangoni wa kuulizwa. Anavua miwani, anatafuta namba, na kuanza kupiga simu.