Juu ya Kitenzi 'Read' na Kushoma kwa Wanyambo

Kitenzi cha Kiingereza 'read' hufasiriwa na kila mwalimu kuwa 'kusoma', naye Mnyambo wa Nkwenda, katika wilaya ya Kyerwa, hukifasiri kuwa 'okushoma'. Tafsiri hizo ni sahihi. Lakini maneno haya hayakubeba mzigo mmoja tangu mwanzo, na mwalimu asiyelijua jambo hili aweza kuuliza swali moja akajibiwa jingine.

Tuanze na Waingereza. Zamani za kale kitenzi hiki kilikuwa na maana ya kushauri, na ya kufumbua jambo lililofichika. Ndugu yake wa Kijerumani, 'raten', hata leo maana yake ni kushauri na kubahatisha. Mfalme Æthelred wa Uingereza, aliyekufa mwaka 1016, ambaye jina lake lilimaanisha shauri bora, alikuja kupewa lakabu ya 'Unræd', yaani shauri baya. Tena neno lao la kitendawili, 'riddle', latoka katika shina hilo hilo. Waingereza walipopata vitabu waliziona herufi kuwa fumbo la kufumbuliwa, ndipo 'read' ikawa kusoma.

Kwa Waswahili kusoma kuliambatana na sauti. Jina la Kurani hutoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusoma kwa kutamka. Na watu wa pwani husoma fatiha hata pasipo kitabu mkononi. Misafara ya Unyanyembe iliyokwenda Buganda ilipita Karagwe. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, wafanya biashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na mji wa mfalme.

Huko Buganda neno lilipokewa, likaongezewa maana. Waislamu walitangulia, wamisionari Waanglikana wakafika mwaka 1877, na Mapadre Weupe mwaka 1879. Kila aliyejiunga na dini ya kitabu aliitwa msomaji, 'omusomi', na kwenda kusali kukaitwa kwenda kusoma. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwaua wengi wa wasomaji hao. Mapadre Weupe walipoanza kazi Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, walitoka upande huo wa Buganda. Basi yaelekea neno lililopita Karagwe pamoja na mizigo ya wafanya biashara lilirudi kusini likiwa neno la imani.

Ndiyo sababu katika Kinyambo na Kihaya kushoma ni kusoma kitabu, na tena ni kusali. Mzee asemaye kwamba hushoma huenda hajui herufi hata moja, ila hakosi ibada. Naye asemaye hashomi huenda asoma barua vizuri, ila hana dini. Mwalimu aandikaye hesabu ya wajuao kusoma kwa swali hilo moja atamwandika wa kwanza miongoni mwa wajuao, na wa pili miongoni mwa wasiojua. Na wa kwanza hataitwa darasani kamwe. Yafaa aulize mawili: waweza kusoma barua hii? Nawe wasali wapi?

Wala Filipo hakumwuliza yule Mkushi garini kama ajua herufi, maana alimsikia akisoma. Alimwuliza kama afahamu. Hapo maana zote tatu zilikutana: sauti, ibada, na fumbo litakalo mfumbuzi.