Kumchagulia mtoto vifaa vya kuvulia bila gharama kubwa

SHULE zinapofungwa, watoto wengi wa Junju na vijiji jirani vya Vipingo na Kuruwitu huanza kuulizia mshipi na ndoana. Mzazi ambaye mwenyewe si mvuvi hujikuta njia panda. Akienda madukani mjini ataonyeshwa ufito wa plastiki wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, umefungwa vizuri kwenye karatasi ya kung'aa, na ataambiwa kwamba huo ndio mwanzo mwema. Sivyo. Kifaa cha aina hiyo, kikiwa cha bei ya chini, huingia chumvi na kukwama baada ya siku chache, na pesa zilizotumika zingetosha kununua ndoana za muda mrefu.

Kanuni ya kufuata ni kwamba pesa kidogo zilizopo ziende kwenye ndoana na mshipi. Vingine vyote vyaweza kuokotwa au kutengenezwa nyumbani.

Kabla ya kununua chochote, ni vyema kujua mtoto atavua wapi. Junju haina mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima. Mito kama Rare na Ndzovuni, ambayo maji yake huelekea hori ya Kilifi, ni ya msimu. Kwa hivyo mvuvi mchanga wa huku huanzia kwenye malambo, ambamo kuna perege na kambale, au kwenye kingo za hori ya Takaungu maji yanapojaa. Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa Malindi, ndio mto hasa wa pwani hii. Ni yale yale maji yaitwayo Athi huko bara karibu na Nairobi na Galana yakishapita Tsavo. Lakini Sabaki ina mamba na viboko, na wakati wa masika hufurika maji mekundu ya tope. Si mahali pa kumpeleka mtoto anayejifunza, seuze kumwacha peke yake.

Ufito ulio bora kwa anayeanza ni mwanzi. Ukatwe uliokomaa, ulionyooka, wenye urefu wa mita mbili na nusu hivi, kisha ukaushwe kivulini ili usipasuke. Mshipi usifungwe kwenye ncha peke yake. Ufungwe kwanza chini karibu na mkono, uzungushwe kuufuata mwanzi hadi juu, ndipo ufungwe nchani. Ncha ikivunjika, samaki hatapotea, wala mshipi hautabaki majini. Urefu wa mshipi unaoning'inia usizidi sana urefu wa mwanzi wenyewe, la sivyo mtoto atashinda akinasua miti badala ya kuvua.

Mshipi wa nailoni huuzwa kwa unene. Kwa hori na malambo, unene wa milimita 0.30 hadi 0.35 watosha, nao hubeba uzito wa takriban kilo tano hadi saba. Mnunuzi aepuke mshipi uliotundikwa mlangoni mwa duka kwa miezi, kwani jua huudhoofisha nailoni bila kuacha alama inayoonekana. Ajaribu kwa kufunga fundo, kulilowesha na kulivuta kwa nguvu. Likikatika kwa urahisi, autafute mwingine.

Kwenye ndoana ndipo wengi hukosea, kwa sababu namba zake huenda kinyume na inavyodhaniwa. Namba inapokuwa kubwa, ndoana ni ndogo. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Baada ya hapo huja zile zinazoandikwa kwa mkwaju na sifuri, kama 1/0 na 2/0, na hizo huzidi kuwa kubwa kadiri namba inavyopanda. Perege ana kinywa kidogo, hivyo namba 10 yamfaa. Changu wa horini hushikwa kwa namba 6 au 8, na kambale, mwenye kinywa kipana, huhitaji namba 2 au 1/0. Kumnunulia mtoto ndoana ndogo kabisa ati kwa kuwa naye ni mdogo si busara. Ndoana hiyo hunasa vifaranga, tena humezwa hadi tumboni, na samaki hawezi kurudishwa majini akiwa hai.

Ukali wa ndoana hupimwa kwa kuiburuza taratibu juu ya ukucha. Ikiteleza, ni butu. Ikikwaruza, ni kali. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba lile jino dogo la ndani, linalozuia ndoana kutoka, lafaa kubanwa kwa koleo hadi lilale. Samaki wawili watatu watamtoroka mtoto, ni kweli, lakini siku ndoana itakapomwingia kidoleni itatoka ilivyoingia.

Chubwi la kuzamishia mshipi kwa kawaida ni la risasi, na watoto wana mazoea ya kulibana kwa meno. Risasi ni sumu, na kwa mtoto hudhuru ubongo. Nati ya chuma au plagi kuukuu ya pikipiki hufanya kazi hiyo hiyo, na fundi wa gereji huitoa bure. Chelezo nacho hakinunuliwi: kipande cha kandambili kilichokatwa na kutobolewa katikati chatosha. Kwa chambo, perege hupenda donge la ugali au nyungunyungu, na samaki wa horini hawakatai kamba wadogo.

Njia ya mkato inayozidi zote kwa urahisi, na ambayo mzazi hapaswi kuiruhusu, ni chandarua. Matundu yake huzoa hata vifaranga visivyofika ukubwa wa kidole, na dawa iliyotiwa humo ni sumu kwa samaki. Junju yenyewe ni mahali ambapo watafiti wa KEMRI mjini Kilifi wamewafuatilia watoto kwa miaka mingi kuhusu malaria, kwa hivyo hakuna haja ya kueleza chandarua kina kazi gani kitandani.

Mtoto aelezwe pia mipaka. Serikali ilipiga marufuku juya na bunduki za kuvulia mwaka wa 2001, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inakataza sumu na baruti. Kuruwitu nako wenyeji walitenga sehemu ya bahari ya takriban hekta 30 katikati ya miaka ya 2000, ambamo hakuvuliwi hata kwa mshipi. Kamati ya ufuo ndiyo ya kuulizwa mpaka uko wapi kabla ya kutupa ndoana.

Mwisho, afundishwe samaki wa kutomgusa. Bunju, yule anayejijaza hewa akafura kama mpira, ana sumu isiyoondoka hata akipikwa vipi, na huua. Ngogo na hongwe huchoma kwa miiba ya mapezi, na taa kwa mwiba wa mkiani. Akinaswa mmoja wao, mshipi ukatwe kwa kisu, ndoana iachwe iende naye. Ni hasara ya shilingi chache.

Jioni ndoana zisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zikaushwe, zichomekwe kwenye kifuniko cha kizibo ndani ya kopo, na kopo liwekwe juu, mbali na wadogo zake.